Njegere ya Jumapili

Bibi alikuwa mwizi wa sukari, na hilo nyumba nzima ililijua kama inavyojua rangi ya mlango wake.

Hakuiba kwa njaa. Mkwewe, yule aliyeitwa na wote Mama Mdogo, hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa tu mtu wa utaratibu: sufuria na mfuniko wake, kisu na mahali pake. Bibi aliiba kwa sababu sukari ya kupewa, kama alivyosema mwenyewe, haina utamu. Akisikia kabati la jikoni limeachwa wazi, utamwona huyo anakuja na kibiongo chake, kainama kama mtu aliyepoteza sindano, hana haraka, hana habari na mtu, mpaka mkono uzame koponi.

Mama Mdogo akatafuta dawa. Kila jioni alisawazisha sukari kwa mgongo wa kijiko, kisha akaipiga mhuri kwa kizibo cha soda, katikati kabisa. Asubuhi akikuta mhuri umevurugika, anauliza. Na Bibi kukiri ilikuwa mwiko.

"Labda ni panya," husema.

"Panya wa kijiko, mama?"

"Panya wa siku hizi wamesoma, mwanangu. Usiwadharau."

Aliyelala chumba kimoja na Bibi ni mjukuu wake, binti wa makamo ya kuolewa ambaye shule aliishia ya msingi, na tangu hapo ndiye mpishi wa nyumba. Bibi alimwita Macho, kwa sababu tangu mdogo aliwatazama watu kuliko alivyosema nao. Akitaniwa zaidi aliitwa mke mwenza. Macho ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mambo yamegeuka. Aliona siku ile Bibi alipokiri.

Ilikuwa asubuhi, anakunja shuka, akakuta punje za wali juu ya mto. Wali wenyewe ulikuwa wa mchana wa jana, mzima mzima, haujasagika. Mama Mdogo akapita mlangoni, akaona.

"Mama, umeamka usiku ukala?"

"Nimekula," akasema Bibi.

Mama Mdogo alisimama pale na ufagio mkononi hajui la kufanya. Miaka yote ile alikuwa amejizoeza kubishana na panya. Kukiriwa hakukujua.

Tangu hapo ikawa ndio wimbo. Chakula kinaonekana kwenye leso, Bibi anasema nimeiba. Anakohoa usiku mpaka kitanda kinatikisika, asubuhi anasema nilipaliwa na mkate wa wizi. Lakini mwizi gani anayekonda? Magauni yalimning'inia kama yametundikwa kwenye msumari. Na shingo yake ilikuwa na sauti. Akinywa maji, Macho alisikia kitu kinabwabwaja upande wa kushoto, glu glu, kama chupa inayozamishwa kisimani. Alimwambia Baba Mdogo, yaani mwana wa Bibi, ambaye kazi yake ni ufundi bomba na kwa hiyo hakuna kitu duniani asichokijua.

"Hewa," alisema Baba Mdogo. "Bomba likiwa na hewa linalia. Itatoka yenyewe."

Haikutoka. Mwisho akampeleka mama yake hospitali, kwa daktari wa kamera, yule anayeingiza mpira mrefu mdomoni mwa mtu na kutazama tumbo lake kwenye kioo kama anayetazama mpira wa miguu. Mara ya kwanza, kamera ilipofika kooni tu ikakutana na chakula. Daktari akaitoa upesi, maana chakula hicho kingeweza kuteremka mapafuni. Akauliza, "Mama, si uliambiwa usile?"

"Nilikula," akasema Bibi. "Nilishindwa kujizuia."

Mara ya pili ikawa vilevile, tena na nyongeza. Chakula kipo, na kamera ikisukumwa kidogo inagonga ukuta, haina pa kwenda. Bibi, katika kuhangaika, akamng'ata nesi kidole gumba. Nesi huyo alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa gari la mizigo, na wagonjwa walimwita Mkuu wa Kituo. Hakupiga kelele. Alikitazama tu kidole, akamtazama Bibi, akasema, "Na meno unayo."

Daktari akawaita ndugu. Alikuwa mwembamba, mpole, ana desturi ya kuibembeleza kamera yake akiwa kazini kama mtu anayeswaga mbuzi: taratibu, taratibu, huku, huku. Siku hiyo hakubembeleza.

"Siwezi kusukuma kwa nguvu," alisema. "Nitamtoboa. Na siwezi kupita penye chakula. Tutajaribu mara moja tena, tumbo likiwa tupu kweli. Ikishindikana, kilichobaki ni kumwekea mpira tumboni, awe anamiminiwa uji. Kwa mdomo hatakula tena, maana kile anachokula sasa hakimfikii."

Bibi alisikiliza yote. Njiani kurudi nyumbani alisema neno moja tu.

"Nimiminiwe," alisema, "kama betri ya gari."

Macho akamtazama. Machozi yalikuwa yamemjaa Bibi, nayo hayakuwa ya kukohoa.

*

Basi ikaamriwa kwamba safari hii hataiba. Jumapili mchana walikula wali na njegere, na kuanzia Jumatatu Bibi akawa wa uji tu, tena uliochujwa kwa kitambaa, mwepesi kama maji ya kuoshea mikono. Jumanne jioni hata huo ukakatwa. Mama Mdogo akafunga jiko na ufunguo akauvaa shingoni. Baba Mdogo akatoa hotuba.

"Bomba ni bomba," alisema. "Kinachoingia juu kinatoka chini. Ukikuta kitu juu, kimeingia sasa hivi, maana cha zamani kimeshapita. Kwa hiyo wakimkuta tena na chakula, ameiba usiku huohuo. Macho, Bibi yako nakuachia wewe."

Macho akachukua mtandio, ncha moja akaifunga kwenye kiwiko cha mkono wa Bibi, ya pili kwenye wake.

"Umenifunga kama mbuzi," alisema Bibi.

"Mbuzi hana kesi ya sukari, Bibi."

"Mke mwenza una roho mbaya wewe. Ndiyo maana mume wetu alinipenda mimi."

Asubuhi ya Jumatano waliamka wamefungwa vilevile, fundo halijaguswa. Bibi hakuwa ameamka hata kwenda msalani. Macho alijua hivyo kama anavyojua jina lake, kwa sababu hakuwa amelala.

Chumba cha kamera kilikuwa kidogo na baridi. Kitanda chembamba chenye magurudumu, kioo juu ya meza ya chuma, na kabati la vioo ambamo mipira ya kamera ilining'inia kama mikanda dukani. Baba Mdogo alibaki kwenye korido, akimweleza kila aliyepita kwamba bomba la sinki la pale mlangoni limefungwa vibaya. Macho aliruhusiwa kuingia. Mkuu wa Kituo ndiye aliyetaka.

"Mshike mikono," alisema, "mimi vidole vyangu navihitaji."

Bibi akapulizwa dawa ya ganzi kooni, akalazwa ubavu wa kushoto, kisogo kwenye kioo. Daktari akaanza kuswaga mbuzi wake. Taratibu. Huku. Macho, ambaye alikuwa ameelekea kioo, akaona ulimi wa Bibi ukipita kama kilima, kisha uwazi mwekundu unaong'aa, kisha ukuta. Na chini ya ukuta, imekaa kama mwenye nyumba, njegere moja ya kijani.

Daktari akashusha pumzi. Akabonyeza kitu, picha ikasimama kiooni palepale, akatoa kamera. Wakamwinua Bibi akaketi.

"Mama," alisema daktari akivua glavu, "tulikubaliana nini?"

"Nimekula," alisema Bibi. Ulimi ulikuwa mzito kwa ganzi, lakini ungamo lilikuwa tayari.

"Lini?"

"Usiku."

"Nini?"

Bibi akafikiri kidogo, kama anayechagua hotelini. "Mkate. Na chai ya maziwa. Na kipande cha nyama, kile chenye mfupa."

"Mfupa?" aliuliza Mkuu wa Kituo.

"Nilifyonza."

Daktari akakaa kwenye stuli yake, akajipangusa uso. Macho alimwona anatazama sanduku la makaratasi, na alijua karatasi atakayoichukua ni ile ya mpira wa tumboni. Kiwiko cha mkono wake kilikuwa bado na alama ya mtandio. Macho si mtu wa kusema mbele ya wakubwa, na miguu yake ilikuwa inamwambia hivyohivyo. Lakini mdomo ukatangulia.

"Daktari, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Ile ya kijani pale ni nini?"

"Njegere, nadhani."

"Na mimi nadhani. Bibi, njegere umekula saa ngapi?"

Bibi hakuwa amekiona kioo. Kwa kibiongo chake hawezi kugeuza shingo peke yake, lazima ageuke mtu mzima kama kabati. Akageuka. Akatazama.

"Na njegere pia," aliongeza upesi. "Nilisahau kuzitaja."

Mkuu wa Kituo akakohoa, lakini kilikuwa kicheko.

"Njegere tulikula Jumapili," alisema Macho, sasa sauti imeshapatikana. "Nilipika mimi, na sufuria nilisugua mimi, haikubaki hata moja. Dukani kwetu zimeisha tangu siku hiyo. Usiku wa jana nilikuwa nimefungwa naye mkono kwa mkono. Kama ameiba njegere, basi ametoka kwenda kuiba kwa watu, na mimi amenibeba mgongoni."

Daktari alimtazama Bibi, akaitazama njegere, akarudi kwa Bibi.

"Mama, umekiri mkate ambao haupo, nyama ambayo haipo, na ile iliyopo hukuijua. Mwizi gani wewe?"

Bibi akainamisha kichwa, ingawa kilikuwa kimeinama siku zote.

"Hizo mara mbili za kwanza pia hukuwa umekula," alisema daktari polepole. "Na mimi nikakuamini. Mgonjwa akikiri kosa, nani anamkatalia?"

"Dada yangu alianza hivihivi," alisema Bibi. "Chakula kikawa kinarudi. Akasema ukweli. Wakamtazama, wakamkuta na uvimbe wa koo, hakumaliza mwaka. Nikaona, bora niwe mwizi. Mwizi hufungiwa kabati. Mwenye koo kama lile huchimbiwa."

Mkuu wa Kituo alivuta shuka akamfunika Bibi miguu, japo miguu yenyewe ilikuwa imeshafunikwa.

Ganzi ilipoisha daktari akasimama, akaomba maji, kijiko kimoja tu. Akaweka kipimo chake cha kusikilizia kwenye shingo ya Bibi, upande wa kushoto, akamwambia meza. Glu, glu. Akamkaribisha Mkuu wa Kituo naye asikilize.

"Panaimba," alisema nesi.

"Njegere imekaa siku tatu bila kusagika," alisema daktari. "Ingekuwa tumboni, isingekuwa njegere tena. Kuna mahali inalala. Sitaki kukudanganya mama kwamba ninajua tayari, lakini uvimbe hauna chumba cha wageni."

*

Wakampiga picha ya eksirei huku ananywa dawa nyeupe nzito kama chokaa. Daktari akawaita wote watatu, akatundika picha dirishani ili mwanga upite. Pale shingoni, badala ya mstari mmoja mweupe kushuka, palikuwa na kitu kimening'inia nyuma ya njia, kama soksi iliyolowa.

"Huu ni mfuko," alisema. "Ukuta wa nyuma wa koo ulilegea kwa uzee, ukatuna kidogo kidogo, ukawa mfuko. Mdomo wake ni mpana na umenyooka. Njia yenyewe ya chakula imesukumwa mbele, imebaki mwanya kama tundu la kifungo cha shati. Kwa hiyo chakula kinashuka kinaingia mfukoni. Kamera yangu nayo inashuka inaingia mfukoni. Ukuta niliokuwa nagonga ni kitako cha mfuko. Usiku mama akilala, mfuko unajimwaga."

"Chemba," alisema Baba Mdogo, akiipiga picha kidole. "Hiyo ni chemba ya pembeni, kishimo cha uchafu. Si nilisema tangu mwanzo?"

Macho alijaribu kukumbuka ni lini alisema. Akaacha.

"Si uvimbe?" aliuliza Bibi.

"Si uvimbe."

Bibi akajipapasa shingo, akasema, "Kwa hiyo mimi si mgonjwa. Nina mfuko."

"Una mfuko."

"Na umejaa vitu vyangu."

Daktari akacheka, lakini hakucheka sana. Alikuwa na la pili. Kwa wengine, alisema, mfuko kama huo unakatwa kwa nje, shingo imenyooshwa. Shingo ya Bibi haikunyooka tangu wajukuu wake hawajazaliwa, na kifua chake hakitaki usingizi mzito wa dawa. Itabidi apite mdomoni, na akate ule ukuta unaogawa mfuko na njia, viwe chumba kimoja, chakula kisipate pa kujificha. Ila kwanza lazima aipate njia yenyewe, ule mwanya. "Nisipoupata," alisema, "tunarudi kwenye ule mpira wa tumbo. Nawaambia mapema."

Siku ilipofika, hakuna kilichofanywa kama mara zile tatu. Mkuu wa Kituo alitengeneza kiota. Mto nyuma ya kibiongo, mto chini ya shavu, shuka zimekunjwa zikajaza kila bonde lililobaki kati ya Bibi na kitanda, kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Alipomaliza akarudi nyuma, akatazama kazi yake.

"Unataga lini?" alimuuliza Bibi.

"Ukinipa jogoo," alisema Bibi.

Dawa ya usingizi alipewa kidogo, ya kumlegeza tu. Mfuko ukaoshwa kwa maji na kufyonzwa mpaka ukawa msafi. Na kamera haikuwa ile nene. Daktari alileta nyembamba, ya watoto, na ndani yake akapitisha waya laini wenye ncha ya kulegea kama unywele, utangulie mbele kutafuta njia. Kazi yake ni kuingia kwenye ule mwanya na kushuka mpaka tumboni. Ukishaingia, mengine yote yataufuata, kama watu wanaofuata kamba gizani.

Waya ukaingia mfukoni.

Akauvuta, akaugeuza. Taratibu. Huku, huku. Waya ukaingia mfukoni tena. Kiooni Macho aliona vizuri: mfuko umefunua mdomo kama debe, na mbele yake kimkunjo kidogo kilichojifumba, kama mtu aliyebana midomo asiseme. Hapo ndipo penye njia. Waya ukikigusa, unateleza.

"Mama, meza," alisema daktari. "Ukimeza patafunguka."

Bibi alikuwa kati ya kulala na kuamka. Alisikia, hilo lilionekana usoni. Lakini tangu azaliwe Bibi hajafanya jambo kwa kuamriwa, na dawa ile haikumwondolea tabia.

"Meza mama. Meza mate."

Hakumeza. Mkuu wa Kituo akamwambia. Hakumeza. Daktari akabadili mkono, akajaribu kichwa kikigeuzwa kidogo, kikarudishwa. Jasho lilikuwa limetokeza juu ya barakoa yake. Mate yalianza kumjaa Bibi kinywani, nesi akayafyonza.

"Mara moja tena," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Kisha naacha. Nikizidi kuchokoa nitamdhuru."

Macho alikuwa amepiga magoti, uso kwa uso na Bibi, mikono yake ndani ya ile mikono mikavu. Aliutazama uso ule aliokuwa akiutazama maisha yake yote. Aliwahi kuuona ukimeza kwa haraka kuliko uso wowote duniani, na alijua ni wakati gani. Akasogea mpaka sikioni.

"Bibi," alinong'ona. "Mama Mdogo huyo mlangoni."

Bibi akameza.

Alimeza kama alivyomeza miaka yote mbele ya lile kabati, mara moja, kavu, bila kubakiza ushahidi. Kiooni ule mkunjo ukafunguka, mviringo mdogo wa waridi, na waya ukapotea ndani yake.

"Umeingia," alisema daktari. "Umeingia, umeingia. Asitikisike mtu."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ndefu, lakini haikuwa na hofu ile. Mpira mwembamba ukapitishwa juu ya waya mpaka tumboni, ukaachwa humo uwe alama ya njia. Kamera nyingine ikashuka kando yake, na sasa palionekana matundu mawili yaliyopakana: moja lina mpira, jingine ni mfuko, katikati ukuta mnene kama kizingiti. Daktari akaukata kidogo kidogo kwa kisu cha waya kinachounguza, damu ikitokeza kinaifunga, na chini kabisa akaweka vibanio vidogo pasije pakachanika. Mwisho matundu mawili yakawa moja.

Alipovua barakoa, alimgeukia Macho.

"Ulimwambia nini?"

"Mambo ya nyumbani, daktari."

"Nitayahitaji kwa wagonjwa wengine."

"Hayatafaa," alisema Macho. "Labda uwe na mkwe wa kila mmoja."

*

Bibi alilala hospitali, akanywa maji, hakukohoa. Akanywa uji. Nyumbani Macho alimpikia wali mlaini, akauponda, akakaa karibu, sikio limeelekea ile shingo. Hapakusikika kitu. Bibi alimaliza sahani, akageuka mzima mzima.

"Unasikiliza nini, mke mwenza? Redio imezimwa."

Magauni yakaanza kumjaa. Lakini nyumba ilikuwa imeingia woga, na woga hautoki kwa vibanio. Kila asubuhi Macho alikagua mto. Baba Mdogo, huku anaeleza mtaani jinsi alivyoigundua ile chemba, alikuwa akiinua kichwa kila mama yake akikohoa. Mama Mdogo aliendelea kupiga sukari mhuri jioni, kwa mazoea tu, maana tangu ugonjwa uanze mhuri ule haukuguswa na mtu.

Hata siku moja asubuhi akaita, "Njooni."

Wakakusanyika jikoni. Kopo liko mezani, mfuniko kando. Mhuri wa kizibo ulikuwepo, safi, tena umepigwa vizuri kuliko wa Mama Mdogo. Ila haukuwa katikati. Na sukari ilikuwa imepungua.

Bibi aliketi kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani. Wote wakamtazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Kila mmoja alikumbuka neno lile, nimekula, na lilikuwa limewaletea nini. Akilisema tena, ina maana kuna kitu kimerudi na anakificha. Macho aliona Baba Mdogo ameshika ukingo wa meza.

Mama Mdogo ndiye aliyeuliza.

"Mama. Umekula sukari?"

Bibi alilitazama kopo. Akamtazama mkwewe kwa huruma, kama mtu anayemwonea imani mgeni asiyejua nyumba.

"Mimi?" alisema. "Mimi nimelala tangu jana. Labda ni panya."

Baba Mdogo akaachia meza. Mama Mdogo akageuka upesi akaelekea kabatini, mgongo wake unatikisika, na kama ni kicheko au kilio Macho hakuweza kuona. Alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu.

"Panya wa kizibo?" aliuliza.

"Si nilikwambia wamesoma."

Mama Mdogo akachukua kijiko, akasawazisha sukari, akaipiga mhuri katikati kabisa, polepole, Bibi akitazama namna mkono unavyokwenda. Kisha akaliweka kopo kabatini, ile rafu ya chini ambayo mtu mwenye kibiongo anaifikia bila taabu, na mlango akausukuma tu, usifunge.